Kilo Ishirini na Tatu

Alhamisi tena. Nashuka basi Barabara ya Melton, Leicester,
nikiburuta begi lenye gurudumu bovu, linalolia kama kifaranga,
mpaka duka la tiketi la Jitendra Vadgama
ambaye hajauza tiketi hata moja tangu Machi ya mwaka jana
na kila asubuhi bado anafuta kioo.

Mizani ya mizigo ndiyo kitu pekee kinachofanya kazi mle ndani.
"Weka," anasema, kwa Kiswahili cha Makoroboi,
Kiswahili kilichoondoka Mwanza mwaka sabini na moja
na hakijarudi hata kubadilisha shati.
Naweka. Namba zinacheza, zinatulia.
"Ishirini na moja. Una nafasi ya kilo mbili, Mama Nkwimba.
Begi liko tayari. Dunia ndiyo haijafungasha."

Wametugawia rangi kama watoto wa chekechea:
kijani nenda, manjano jifikirie,
nyekundu kaa ulipo. Kwetu nyekundu.
Ukienda, siku ya kurudi utalala hotelini siku kumi
kwa pesa yako, dirisha halifunguki,
na pesa yangu mimi ni ya kupanga pakiti za viazi vya kukaanga,
kumi na mbili kwa boksi, zamu ya usiku.
Kiwandani kila mtu ni mtabiri.
Bogdan anasema Septemba.
Doreen wa mashine ya pili anasema Krismasi, hasemi ipi.
Mama yangu, kwenye simu kutoka Magu, anasema Mungu akipenda,
nami nanyamaza,
maana sijui kama Mungu naye anasubiri Alhamisi.

Nilipolifunga begi hili mara ya kwanza
lilikuwa na viatu namba ishirini na sita, vyenye taa kisiginoni.
Nikavitoa, nikaweka ishirini na nane.
Nikavitoa.
Dawa ya macho ya mama ikapita tarehe chini ya kitanda changu.
Blanketi la kichanga wa dada
sasa ni la mtoto anayekimbiza kuku.
"Nakuja kesho," ndivyo nilivyomzoesha Nkwimba, kosa langu.
Juzi akaniuliza, taratibu, kama karani wa benki:
"Mama, kesho ipi?"

Vadgama alipiga mara tano.
Simu ilikuwa kabatini, mimi kwenye mkanda na kofia ya nywele.
Asubuhi nilikwenda bila kulala, bila begi,
akanirudisha nikalilete.

"Wametutoa kwenye nyekundu," alisema.
Nikalisikia lile *tu*. Miaka hamsini, na bado *tu*.
Akahesabu nauli kwa kalamu, akaipunguza,
akafuta, akaipunguza tena.
Kisha akavuta droo ya chini, penye vitabu vya tiketi za karatasi,
akatoa kopo la shaba lililofungwa kitambaa cheupe.

Harshad, kaka yake. Wimbi la kwanza, wodi isiyopokea wageni.
Wengine waliwamwaga wao kwenye mto Soar, alisema,
kuna mashua, kuna utaratibu, watu wana heshima zao.
Lakini Harshad alijifunza kuogelea Capri Point,
tena kwa kusukumwa.
"Mimi nilimsukuma. Na mimi daktari hataki nipande ndege."
Hakuniomba. Aliliweka tu kopo juu ya mizani,
peke yake, akaitazama namba
kama mtu anayesoma jina.
Mbili nukta sita.

Nikapiga magoti nikafungua zipu palepale sakafuni.
Viatu namba thelathini, risiti ikiwa ndani.
Nikavipima kwa shibiri, kidole hadi kisigino,
nikijaribu kuukumbuka mguu
ambao mara ya mwisho ulienea kwenye kiganja changu.
"Hivi vitambana," nikasema.
Nikaviweka dirishani, kando ya ndege yake ya plastiki.
Vikagusa ubao, taa zikawaka, zikazima.

Vadgama alikuwa ameshavaa miwani.
"Pasi yako," akauliza, "inaisha lini?"