Harusi Isiyo na Bibi

Kibali kilisema: harusi, saa nne,
Pasua hadi mnara wa saa.
Basi tukapuliza harusi.
Aikaruwa na ngoma kubwa tumboni kama mimba ya miezi tisa,
mimi na tarumbeta iliyochomelewa shingoni,
Elinaja akisukuma tromboni mpaka watu wanampisha.

Nyuma yetu pikapu, riboni nyeupe kwenye vioo,
na juu yake, penye shela,
mbao za vibanda vilivyovunjwa Jumatatu usiku,
bado zina misumari,
bado zina namba za ushuru.

Kina mama wa ndizi wakaacha mafungu yao,
wakacheza polepole, bila kutabasamu,
kama wanaoshindilia udongo.

Moshi mzima ukageuza shingo.

Afande akainua mkono.
"Bibi harusi yuko wapi?"
Midomo yetu ilikuwa kazini.
Ikajibu tromboni: sauti moja, ndefu, ya chini,
vioo vya benki vikatetema.

Akazunguka pikapu. Akasoma namba ya ubao mmoja,
akairudia.
"Hapa nilimnunulia mwanangu viatu."

Hakusema piteni.
Hakusema rudini.
Aikaruwa akagonga ngoma, mara moja,
kama anayebisha hodi.