Saa Nne Usiku, Jumanne

Mimi ni mweka hazina wa kanisa la watu kumi na tisa.
Kumi na wanane, tangu tumzike Jógvan leo asubuhi,
upepo ukimpokonya mchungaji karatasi zake kaburini.
Hapa Faroe kondoo wametuzidi kwa hesabu,
na hawatoi sadaka.

Miaka sita iliyopita, kwa kura, baada ya kahawa,
tuliamua kushikana mikono na kanisa moja la Darkhan, Mongolia:
watu thelathini ndani ya hema la duara,
jiko katikati, bomba la moshi likipenya paani.
Tukasema, masikini, baridi itawaua.
Tukafuma.

Jozi arobaini za soksi, zote za kijivu.
Sunnvá hufuma kisigino macho yamefumba.
Heini, fundi mstaafu wa mitambo ya meli,
alijifunza akijificha jikoni kwake, mapazia yameshushwa.
Tukatia fedha ndani ya bahasha
na barua yenye maneno makubwa kuliko bahasha.

Jibu lilichukua wiki tisa.
Mwandishi wao, Oyunchimeg, hazunguki mbuyu:

*Soksi zimefika, tumewapa wauguzi wa hospitali.*
*Sisi tuna kondoo mia tatu na ngamia wawili,*
*kwa hiyo sufu haijatupiga chenga.*
*Fedha zimenunua mbao za mabenchi, risiti hii hapa.*
*Lakini mbona hamkuandika majina yenu?*
*Tunawaombea kila Jumatano alfajiri*
*na tumechoka kumwambia Mungu: wale wa visiwani.*

Niliisoma mbele ya wote.
Kimya kikakaa kwenye viti pamoja nasi,
kisha Sunnvá akacheka mpaka akashika meza.

Tukaandika majina, kila mtu na neno lake moja.
Heini: *goti la kushoto.*
Jógvan: *mwanangu hapigi simu.*
Mimi nikatafuna kalamu, nikaandika:
*Marjun. Silali.*

Thelathini wakawa sabini. Hema likazaa hema.
Mwaka wa nne wakajenga kwa matofali,
wakamtuma kijana mmoja bonde la pili akaanze upya,
naye akaanza, na wanane, na mbuzi wa kuazima.
Mimi hapa nikajaza daftari langu la safu mbili,
*kilichotoka, kilichoingia,*
na safu ya pili ikabaki nyeupe kama Januari.

Januari hiyo hiyo tufani ikachuna nyasi za paa letu.
Nilimtajia Oyunchimeg kwa mstari mmoja tu,
kama mtu anavyotaja mafua.
Mwezi Machi posta ikaniita:
roro la sufu iliyokandwa, nzito kama ndama,
*ya kulaza chini ya paa, sisi ndivyo tunavyofanya,*
na fedha, na orodha ya waliotoa.
Batsaikhan, dereva wa lori, bei ya tairi moja.
Watoto wa Jumapili, bei ya peremende za mwezi.
Wauguzi watatu, wasio wa kanisa: *kwa ajili ya soksi.*

Wapo waliosema turudishe, ni aibu.
Jógvan ndiye aliyeinuka, mkongojo ukigonga sakafu:
"Aibu ipi? Ngazi iko wapi?"
Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Tulimzuia kupanda.
Alishika ngazi.

Sasa ni saa nne usiku. Kwao Jumatano inapambazuka,
benchi zinakwaruza sakafu, jiko linawashwa.
Wataanza na Heini na goti lake.
Watafika kwa Jógvan, wamwombee simu ya mwanawe
(aliyekuja leo, alibeba jeneza upande wa kichwa,
hakusema neno).
Barua ya msiba ninayo mezani, sijaifunga.
Kesho nitaipeleka posta.
Usiku huu mmoja waacheni wamtaje kama aliye hai.

Kisha watanifikia mimi.
Nazima taa, nangoja zamu yangu.