Fundo la Moyoni

Kila Alhamisi, machinjioni Vingunguti,
Chaurembo hunitengea mioyo miwili ya ng'ombe.
Mwanzo aliniuliza: unaikaanga au unaitia nazi?
Naishona, nikamjibu.
Akacheka hadi kisu kikamponyoka.
Kisha akanyamaza, akanitazama vidole.

Nilimwomba asiukate karibu ule mshipa mkuu,
aniachie urefu wa kidole cha shahada.
Sasa hata simkumbushi.
Naibeba ndani ya ndoo ya rangi, kifuniko juu,
hadi Tabata, jikoni,
ambako dada yangu Tusajigwe amehamisha sufuria zake
na kuapa kwamba mlango ule haupiti tena.

Umeme ukikatika naifunga simu kwenye bomba,
taa yake ielekee chini.
Sindano imepinda kama mwezi mwandamo,
uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Watu husihiwa walifungue fundo la moyoni.
Mimi nimefika mwaka wa nne
nafundishwa kulikaza.

Daktari Kokushubira, huko Upanga, hana maneno mengi.
Huuvuta mshono wangu kwa ncha ya koleo,
ukilegea anasema: Hii ni hirizi.
Nenda kaniletee mshono.

Daftari langu la mafunzo lina safu tatu:
aliangalia, alisaidia, alifanya.
Safu ya kwanza imejaa, nimegundishia karatasi.
Ya tatu ni nyeupe kama sare ya Jumatatu.

Jumanne aliletwa Shaweji wa Mbagala, miaka kumi na miwili.
Koo lilimuuma akiwa darasa la pili,
akapewa chai ya tangawizi, likapoa;
ugonjwa ukashuka ngazi polepole,
ukapanga chumba langoni mwa moyo.

Moyo wake tuliulaza kwa maji ya baridi,
mtambo ukimpumulia pembeni.
Kilango kipya kilikuwa kimekaa nusu
Daktari aliponinyooshea sindano.
Sasa wewe.

Mishono mitatu. Mafundo saba kila mmoja.
Sikuwaza lolote la maana,
niliwaza ndoo ya rangi.

Tulipouachia damu, moyo ulisita,
ukatetemeka kama kifuniko wali unapokaribia kuiva,
ukashika mwendo.
Hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi Zamoyoni
alihesabu pamba, mara ya pili, kwa sauti.

Jioni niliandika: alifanya.
Daktari akaifuta kwa kalamu yake.
Mitatu kati ya kumi na minne, alisema. Alisaidia.
Nilikasirika hadi kituoni,
na nilipofika kituoni nilikuwa nimeshamkubali.

Leo ni Alhamisi. Chaurembo ananisubiri kwa haya.
Mmoja nimeupasua mwenyewe, anasema, unisamehe.
Anafunua kwa kidole gumba:
tazama, kilango hiki kigumu kama kucha.
Huyu alikuwa akihema njia nzima,
wakadhani ni uvivu.

Nachuchumaa kando yake kwenye saruji yenye maji.
Nionyeshe tena, namwambia.