Pete ya Moto

Karakana ilianza kama banda la nguruwe.
Halvor Tveiten alilikodi dola mbili kwa mwezi,
akang'oa kihori, akasimika fuawe palepale,
na miaka mitatu baadaye, mvua ikinyesha,
chuma chetu bado kilinuka nguruwe.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Jorund shemeji yake,
kiziwi wa sikio moja, jingine likisubiri zamu.
Ellerby, Wisconsin, ilikuwa kinu, kanisa na tope.
Gari la kwanza lilitumalizia wiki saba.
Pascoe Trembath, mchimba madini kutoka Kornwali,
alilinunua kwa ng'ombe mmoja na ahadi ya wa pili.
Huyo wa pili hatujamwona hadi leo.

Halvor alinifundisha hivi:
pete ya chuma ifanye ndogo kuliko gurudumu,
ndogo kwa unene wa ukucha. Kisha itie motoni
mpaka iwe nyekundu kama upanga wa jogoo,
ipanuke, ulivishe gurudumu kwa koleo tatu,
na kabla mti haujashika moto, maji!
Chuma kikipoa hurudia udogo wake,
na njiti zote kumi na mbili huingia kitovuni zikilia.
"Umesikia?" aliniuliza. "Hapo zimeoana."
Chanda na pete, basi,
lakini pete iliyokusudiwa kubana.

Na mti? Mti ulale miaka mitatu chini ya paa.
"Mti mbichi ni ahadi ya mlevi," alisema,
naye hakuwa mtu wa methali.

Kisha watu wakaanza kwenda magharibi.
Sijui nani aliwaambia. Walipita na vyungu, magodoro,
saa za ukutani zikigonga ndani ya magunia ya unga,
wakataka magari jana, si kesho.
Tukawa tisa, tukawa arobaini.
Ikaja injini ya mvuke, ikameza kuni na usingizi wetu,
ikakereza kwa saa moja njiti za wiki nzima.
Halvor akanunua koti lenye ukosi wa manyoya,
akaacha kushika nyundo siku za Jumatatu,
halafu Jumanne. Siku nyingine sikuzihesabu.

Vita vilipozuka, jeshi liliagiza magari mia sita.
Nilikwenda ghalani: mwaloni ulikuwa na miezi minane.
Nikaubonyeza kwa ukucha, utomvu ukanijibu.
Nikapanda ngazi mpya hadi ofisi mpya,
nikamwambia, "Bado mbichi."
Alitazama dirishani, mabomba manne ya moshi,
kisha daftari la mishahara, majina mia mbili, langu likiwemo.
"Pakeni rangi mara mbili."
Tukapaka. Bluu ubavuni, nyekundu magurudumuni,
na jina lake kwa herufi za dhahabu.
Mikono yangu ilipaka. Simsingizii mtu.

Barua zikaanza kuja kutoka nchi kavu.
Moja ya mwanamke, Lavinia Stroud, wa Kansasi,
kwa penseli, nyuma ya risiti yetu wenyewe:
mti umesinyaa, pete imechomoka njiani,
ikabingirika peke yake mbele ya maksai
"kama iliyochoka kutusubiri."
Alitaka magurudumu mawili. Radhi hakutaka.
Nilimpelekea manne, kwa mshahara wangu,
na sikumwambia mtu mpaka sasa ninapoandika.

Mwaka wa themanini na moja tulikuwa mia nne,
king'ora kikiamsha hata wafu wa Kilutheri.
Ndipo binti Trembath alipokuja na gari la kwanza,
rangi imekwisha, ubao mweupe kama mfupa.
Karani alishafungua kitabu cha bei:
aache hilo kuukuu, aongeze dola hamsini, achukue jipya.
Niliinama, magoti yakilalamika,
nikagonga magurudumu kwa nyundo ndogo, moja moja.
Yalilia kama kengele. Yote manne.
Karani alikuwa akinitazama.
"Mama," nikasema, "tia mafuta ekseli.
Rudi nalo nyumbani."
Hakutaja ng'ombe, nami sikumkumbusha.