Vitobo

Daftari la shangazi Mwanajabu halina jalada.
Kila kofia aliyoishona ina mstari wake:
mwenye kichwa, mwezi, idadi ya vitobo.
Sharifu wa Kibokoni, Rajabu, elfu mbili mia nne na kumi.
Bwana harusi wa Mwembe Tayari, Mfungo Sita, elfu tatu kasoro nane.
Miaka arobaini na mmoja, uani, nyuma ya Ndia Kuu,
sindano mkononi, hesabu mdomoni.

Baada ya hitima nilijumlisha,
hata na ile kofia isiyokwisha.
Stima imepotea, tochi ya simu nimeiuma kwa meno.
Nikarudia, toka chini kwenda juu.
Milioni moja na tatu.

Mimi nasomesha hesabu Tononoka.
Namba nikiiona huiuliza ukoo.
Mbili ikakataa: hii ni witiri.
Tatu ikakataa. Tano haikubisha hodi.
Saba ikabakisha nne.
Kumi na moja, nne.
Kumi na tatu, nne. Thelathini na saba, nne!
Nikacheka peke yangu, kama niliyekuta
deni lile lile katika kila duka la mtaa;
kumbe zile tisa sita zilizosimama safu
ni mzigo wa hao wote,
na shangazi amezipita kwa nne tu.

Kumi na saba ikabakisha kumi na mbili.
Kumi na tisa, kumi na nne.
Elfu ukiifika, basi: kila kigawo kikubwa huandamana na kidogo,
na wadogo wote nishawauliza,
mia moja sitini na wanane.
Adhana ya alfajiri ilinikuta kwa wa mwisho,
mia tisa tisini na saba.
Akabakisha kumi na mbili.

Haigawiki, ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Darasani twaitaja kwa Kiingereza, haiumi.
Kiswahili chaiita namba tasa.

Neno hilo mawifi walilimwaga uani kama maji ya samaki.
Mumewe wa kwanza alilitia kwenye talaka.
Yeye akainamia kitambaa:
mia sita na moja, mia sita na mbili.

Wanafunzi huniuliza, za kazi gani namba hizi?
Huwajibu kwamba nyingine zote zajengwa kwazo.
Nyumba ile tulilelewa watoto sita,
hata mmoja hakumtoka tumboni.

Kofia ya mwisho imo kikapuni.
Kwenye daftari haina idadi, nimeihesabu kwa kidole:
vitobo vitatu,
na sindano imechomwa pa cha nne.
Bila hivyo vitatu ingekuwa milioni kavu,
mbili na tano tupu, kila mtu angejikatia.
Na hicho cha nne kingekwisha,
ingegawika kwa mbili, ikagawika tena.

Binti yangu ataka kukimaliza; mkono anao.
Jana mwenye kofia alikuja kuiulizia.
Nilimwambia bado.