Viganja Viwili vya Kioo

Televisheni ya Mama Nyangweso iliingia kibandani kwangu
imefungwa kwa shuka, nyuma ya bodaboda,
mwezi wa nne, Luanda yote matope hadi relini.
Kioo kimekufa kuanzia kulia, kifo kikapita katikati;
kilichosalia ni ukingo wa kushoto,
upana wa viganja viwili.
Sauti nzima.

Nikaagiza kipuri Kisumu. "Wiki moja, fundi."
Wiki za wenye maduka huzaa wiki.
Basi kila saa moja unusu jioni, nikilehemu redio za watu,
nikawa nautazama ule mchezo ambao soko zima linautazama,
ila mimi niliupata ukingoni.

Huko gizani mume na mke walitukanana,
shamba likauzwa, bastola ikalia,
mtu akasihi, "Usiniache, mpenzi wangu,"
na sikumwona hata ukucha.
Niliyemwona ni msichana wa trei.

Alisimama kando ya pazia.
Giza lilimwita "wewe", au lilipiga makofi.
Jumanne moja alikuja na plasta kwenye kidole gumba.
Hadithi haikumkata. Hakuna kisu kilichotajwa,
hakuna aliyesema pole.
Ijumaa plasta haipo.
Nilikaa na chuma cha kulehemu kinapoa mkononi,
nikiwaza: amekatikia wapi, na nani kamfunga?

Kulikuwa na dereva pia, ametegemea mwimo wa mlango,
koti limekosa kifungo cha pili.
Usiku ule tajiri alipokuwa akikata roho
(nilimsikia, alikata roho kwa dakika kumi na moja)
dereva alimtazama msichana, msichana akatazama trei,
na mdomo wake ukacheza kidogo,
kama mtu anayezuia kicheko kanisani.
Kwangu mimi mchezo ulikuwa huo.
Tajiri alikuwa kelele za jirani.

Kisha jioni moja giza likasema, "Lete chai."
Akatoka.

Kesho yake pazia lilisimama peke yake.
Keshokutwa pia.
Nikaongeza sauti nisikie kikombe.
Vijiko viligongana, watu wakapuliza, wakanywa;
chai ilifika bila mtu aliyeileta
na hapana aliyeshangaa.
Dereva alionekana mara mbili zaidi, akitazama mlango wa jikoni.
Labda aliambiwa atazame. Labda ni yeye tu.

Kipuri kilikuja mwezi wa sita.
Nikafungua, nikabadilisha, nikawasha:
katikati wakajaa watu wazuri, ngozi zinang'aa,
sauti ninazozijua zimevaa nyuso za wageni.
Mama Nyangweso akaketi kwenye kreti la soda kukagua.
"Ndiye huyo! Huyo ndiye mwenyewe mchezo!"
Nikauliza, "Na yule msichana wa trei alienda wapi?"
"Msichana gani?"
Miaka miwili haujampita usiku hata mmoja.
"Wa chai, mama."
"Aa, fundi. Wewe tengeneza, usitunge."

Akanihesabia salio, mia nane pungufu,
akatoka kumwita bodaboda.

Mlangoni alibaki binti aliyekuja naye kubeba,
shuka limekunjwa kwapani, miguu ina matope ya reli.
"Anaitwa Zipora," akasema.
"Walilitaja mara moja, mama yake alipopiga simu
na bwana akasema nambari si hiyo."
Nikanyamaza.
"Na kidole?" nikamwuliza.
"Kile nilikiona."
Hakuongeza. Alikuwa anatazama kioo,
si katikati.

Nikavuta kitabu cha risiti, nikaandika:
televisheni moja, inchi thelathini na mbili,
imetengenezwa, imejaribiwa, picha kamili.
Imepokelewa na

na hapo kalamu ikasimama,
nikainua macho.