Mkate wa Bi Mize

Nimeanza fidla na miaka arobaini na saba,
Mtemani, Wete, chumba cha kati,
baina ya cherehani na gunia la vitambaa vya skuli.
Mwalimu Sleyum aliutazama mkono wangu wa kushoto,
kidole cha shahada kilichotobolewa na sindano mara mbili,
akasema: "Huu ushazoea kuumia. Tutaweza."

Hakusema itachukua muda gani.

Mwezi wa kwanza nilikuwa moto.
Nikitunga uzi, nasikia nyuzi nne.
Nikipiga pasi, mkono unavuta upinde wenyewe.
Mwezi wa tatu hamu ikanitoka
kama mgeni asiyeaga,
kaacha kandambili zake mlangoni
nami nikadhani yumo.

Nikabaki na sauti yangu,
sauti ya mlango wa banda la kuku.
"Mama," Time ananiuliza, "leo paka kafa au kazaa?"
Baba yake, Shaame, hasemi neno.
Huongeza redio kidogo,
kwa adabu.

Na yule mjukuu wa Fatawi, miaka tisa,
kaanza nyuma yangu, kashanipita.
Hajaambiwa kuwa ni vigumu, basi kwake si vigumu.
Mie najua. Tabu yangu ndiyo hiyo:
masikio yangu yana miaka arobaini na saba,
mikono yangu ina miezi mitano,
na wawili hawa wanalala chumba kimoja.

Nikaitoa fidla kwenye sanduku,
nikaitundika msumarini, pale pa kanga,
maana kufungua vile vibanio viwili
kulitosha kunifanya niseme kesho.
Nikajipa robo saa, nikishasali alasiri,
nitake nisitake.
Siku nyingine nyuzi tupu tu,
juu, chini, juu, chini, kama apigaye deki.
Kila siku kijistari cha chaki
nyuma ya mlango wa kabati.

Karafuu zilipoingia, mistari ikawa haba:
usiku tunachambua, vidole vinawasha.
Kisha skuli zikakaribia kufunguliwa,
sare mia na themanini,
na kila mzazi anataka ya mwanawe mwanzo.
Chaki ikasimama.
Vumbi likakaa mgongoni mwa fidla.
Nikamwambia Shaame, naiuza.
Akapunguza redio, akanitazama
kama aliyepoteza kitu asichokijua jina.

Siku ya kumi na mbili, hodi.
Bi Mize, jirani wa ukuta mmoja,
yule yule aliyewahi kuniuliza, kwa upole,
kama kinanda changu kina dawa.
Mkononi sahani,
kwenye sahani mkate wa kumimina
mweusi kama kifuu.

"Wa tatu huu wiki hii," kanambia.
"Saa yangu haina betri tokea mfungo tatu.
Mie nikisikia unakwaruza, naweka makaa juu.
Ukinyamaza, naepua.
Sasa umenyamaza moja kwa moja.
Mie nitajuaje mkate umeiva?"

Sikujua nicheke au niombe radhi.
Kumbe miezi yote ile
kukosea kwangu kulikuwa kukiivisha kitu
upande wa pili wa ukuta.

Nikaiangua msumarini,
nikaifuta kwa kipande cha sare.
Uzi wa pili umelegea, nikaukaza.
Nikapiga lile somo la mwanzo, la watoto,
nikakosea pale pale pa siku zote,
nikarudia, nikakosea,
nikarudia, na mara moja tu
pakapita,
kama sindano ipitavyo pindo bila kukwama,
sekunde, mbili,
kisha paka akarudi.

Time akacheka.
Redio ikabaki chini.
Na ukutani, Bi Mize kagonga mara tatu:
usiache,
upande mmoja bado mbichi.